Lugha katika Mkakati wa Upanuzi wa Lenovo, 1984–2014: Funzo kwa Sera ya Kiswahili katika Teknolojia

Ikisiri

Historia ya kampuni ya kompyuta ya Lenovo kwa kawaida husimuliwa kama historia ya mtaji, masoko na ununuzi wa kampuni nyingine. Makala haya yanaisoma upya kwa jicho la lugha. Yanafuatilia hatua tatu: kadi ya maandishi ya Kichina iliyoipa kampuni bidhaa na jina, uundaji wa jina jipya la kuuzia nje, na uamuzi wa kutumia Kiingereza kama lugha ya kazi baada ya kununua kitengo cha kompyuta binafsi cha IBM. Hoja kuu ni kwamba katika kila hatua kampuni ililipa gharama ya lugha waziwazi, na malipo hayo yalikuwa sehemu ya mkakati wenyewe. Makala yanahitimisha kwa kuonyesha funzo linalopatikana humo kwa watunga sera ya Kiswahili.

1.0 Utangulizi

Tarehe 8 Desemba 2004, jijini Beijing, Lenovo ilitangaza kwamba imekubaliana na IBM ya Marekani kununua kitengo chake cha kompyuta binafsi. Bei ilikuwa dola za Marekani bilioni 1.25, sehemu kwa fedha taslimu na sehemu kwa hisa, na zaidi ya hapo mnunuzi alibeba madeni ya takribani dola milioni 500. Mauzo ya kitengo kilichonunuliwa yalikuwa karibu mara tatu ya mauzo ya mnunuzi. Wachambuzi wengi waliuona mkataba huo kuwa ni habari ya fedha na ya siasa za dunia, na hawakukosea.

Mwishoni mwa mwaka huohuo, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilizindua Jambo OpenOffice, tafsiri ya Kiswahili ya programu huria za ofisini. Matukio haya mawili hayalingani kwa ukubwa, na haingekuwa haki kuyapima kwa mizani moja. Hata hivyo, yote mawili yanatokana na swali moja: jamii inayopokea kompyuta iliyobuniwa kwa lugha ya wengine huifanyaje iwe yake? China na Afrika Mashariki zilijibu kwa njia tofauti, na tofauti hiyo ndiyo inayomvutia mtafiti wa lugha.

Makala haya hayadai kwamba lugha ndiyo iliyoijenga Lenovo. Ukubwa wa soko la China, mageuzi ya uchumi yaliyoanza mwishoni mwa miaka ya 1970 na uhusiano wa kampuni na taasisi ya dola vyote vilikuwa na uzito mkubwa. Yanachodai ni jambo dogo zaidi, lakini lenye maana kwa wanaoshauri serikali zetu: kwamba kampuni hiyo iliichukulia lugha kama gharama ya kulipwa na kazi ya kufanywa, ilhali sisi aghalabu tumeichukulia kama heshima ya kutangazwa.

2.0 Kadi iliyozaa jina

Kampuni ilianzishwa mwaka 1984 na Liu Chuanzhi na wenzake kumi, wote watumishi wa Taasisi ya Teknolojia ya Kompyuta iliyo chini ya Akademia ya Sayansi ya China. Mtaji wao ulikuwa yuan 200,000 zilizotolewa na taasisi hiyo, na ofisi yao ilikuwa nyumba ndogo ya mlinzi. Walikuwa wanasayansi wasiojua biashara. Walijaribu kuuza televisheni, wakatapeliwa na kupoteza sehemu kubwa ya mtaji.

Kilichowaokoa ni tatizo la lugha. Kompyuta binafsi zilizoingia China katika miaka hiyo zilibuniwa kwa alfabeti ya Kilatini. Maandishi ya Kichina hayana alfabeti. Yana alama moja kwa kila mofimu, na kiwango cha taifa cha mwaka 1980 cha kusimba alama hizo katika kompyuta kilikuwa na alama 6,763. Mashine za wakati ule hazikuwa na kumbukumbu wala kasi ya kuhifadhi na kuchora alama nyingi kiasi hicho, na kibodi ya kawaida haikutosha kuziingiza. Taasisi iliyonunua kompyuta kutoka ng'ambo ilijikuta na mashine isiyoweza kuandika hata barua ya ofisi.

Mhandisi Ni Guangnan, aliyekuwa mtafiti katika taasisi hiyohiyo, alikuwa ameshughulikia jambo hilo kwa miaka mingi. Mwaka 1985 kampuni ilianza kuuza kadi yake, iliyochomekwa ndani ya kompyuta ya kigeni na kuiwezesha kupokea na kuonyesha Kichina. Sifa yake iliyopendwa zaidi ilitokana na elimu ya lugha: mtumiaji akiandika alama moja, mfumo ulimpendekezea alama zinazoelekea kuifuata, kwa kuwa maneno mengi ya Kichina cha leo huundwa kwa alama mbili au zaidi. Uwezo huo wa kuhusisha neno na neno uliitwa kwa Kichina *lianxiang*, yaani fikra kuvuta fikra. Kadi ilichukua jina hilo, na baadaye kampuni nzima ikaitwa Lianxiang, jina inalolitumia nyumbani hadi leo. Mwaka 1988 kadi hiyo ilitunukiwa tuzo ya taifa ya daraja la kwanza ya maendeleo ya sayansi na teknolojia.

Hapa pana mambo mawili ya kuzingatia. Kwanza, kampuni haikuanza kwa kuunda kompyuta. Ilianza kwa kuifanya kompyuta ya mwingine iseme lugha ya mteja, na faida iliyopatikana humo, pamoja na ile ya uwakala wa mashine za kigeni, ndiyo iliyowezesha kompyuta yake ya kwanza yenye chapa yake mwaka 1990. Pili, faida ya lugha haikudumu. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 kasi ya mashine iliongezeka, programu za Kichina zikaweza kufanya kazi bila kadi, na soko la kadi likafifia.

Jambo hilo la pili ndilo lililozaa mgogoro mkubwa wa kwanza wa kampuni. Ni Guangnan alitaka fedha zielekezwe katika ubunifu wa ndani, hasa wa vipuri vya msingi vya kielektroniki. Liu Chuanzhi alitaka kwanza kampuni iimarishe mtandao wake wa mauzo. Katika China mjadala huo umefupishwa kwa maneno matatu ambayo mpangilio wake ndio hoja yenyewe: biashara, kiwanda, teknolojia; au teknolojia, kiwanda, biashara. Liu alishinda, na mwaka 1995 Ni akaondolewa katika wadhifa wa mhandisi mkuu. Ubishi haukuisha hapo. Hadi leo wapo Wachina wanaoilaumu kampuni kwamba ilijifunza kuuza kabla ya kujifunza kubuni. Kwa hiyo, anayetaka kuichukua Lenovo kama mfano asisahau kwamba nyumbani kwao mfano huo una wapinzani.

3.0 Jina la kuuzia nje

Safari ya nje ilianzia Hong Kong. Mwaka 1988 kampuni iliungana na washirika wa huko, waliojua sheria za biashara za kimataifa, Kiingereza na njia za kupata mikopo, mambo ambayo wanasayansi wa Beijing hawakuyajua. Liu aliufananisha ushirika huo na kipofu anayembeba kiwete: mmoja ana miguu, mwingine ana macho. Mwaka 1994 hisa za kampuni ziliingia katika soko la hisa la Hong Kong. Mwaka huohuo Yang Yuanqing, kijana asiyetimiza bado miaka 30, alikabidhiwa kitengo cha kompyuta binafsi, na kabla ya muongo kwisha kampuni ikawa ya kwanza kwa mauzo katika China.

Kwa Kiingereza kampuni ilijiita Legend. Jina lilitosha nyumbani na Hong Kong, lakini lilipotakiwa kusajiliwa kwingineko iligundulika kwamba neno hilo la kawaida lilikwisha kusajiliwa na wengine katika nchi nyingi. Mwaka 2003 lilitangazwa jina jipya: silabi ya kwanza ya Legend iliunganishwa na *novo*, umbo la Kilatini lenye maana ya upya, ikapatikana Lenovo. Halikuwa neno la lugha yoyote, kwa hiyo hakuna aliyelimiliki. Mwaka 2004 likawa jina rasmi la kampuni kwa Kiingereza.

Jina la Kichina halikuguswa. Mteja wa Beijing aliendelea kununua Lianxiang, na mteja wa ng'ambo alianza kununua Lenovo. Kwa maneno ya isimujamii, kampuni iligawa dhima: jina moja la kuhifadhi uhusiano na wazawa, jingine la kuvukia mipaka. Mgawanyo huo haukuonekana kuwa usaliti wa lugha ya nyumbani, kwa sababu ya nyumbani ilikuwa na kazi yake isiyoweza kufanywa na nyingine.

4.0 Lugha ya kikao

Ununuzi wa kitengo cha IBM ulikamilika tarehe 1 Mei 2005, baada ya kamati ya serikali ya Marekani inayokagua uwekezaji wa kigeni kuuridhia. Lenovo ilipata takribani wafanyakazi 10,000, kompyuta za ThinkPad zilizoheshimika duniani, na ruhusa ya kutumia nembo ya IBM kwa miaka mitano. Makao makuu yalihamishiwa jimbo la New York. Yang akawa mwenyekiti, na Stephen Ward aliyetoka IBM akawa mtendaji mkuu. Kiingereza kikateuliwa kuwa lugha rasmi ya kampuni.

Inafaa kulisema hili bila kulipamba. Kampuni iliyopata jina lake kutokana na maandishi ya Kichina, na iliyokuwa mnunuzi katika mkataba ule, iliamua kufanya vikao vyake vya juu kwa lugha ya aliyenunuliwa. Yang mwenyewe hakuwa na Kiingereza cha kutosha. Alihamia Marekani pamoja na familia yake, akakaa North Carolina, akajifunza. Sababu ilikuwa ya kivitendo: wateja wa kimataifa na mameneja waliotoka IBM wasingebaki kama lugha ya uamuzi ingekuwa Kichina peke yake.

Gharama ilionekana upesi, na haikuwa ya msamiati tu. Yolanda Conyers na Gina Qiao, maofisa wa Lenovo, walieleza baadaye katika kitabu chao cha mwaka 2014 jinsi ukimya ulivyoeleweka vibaya. Wamarekani walizungumza upesi na kwa wingi, na Mchina asiposema walidhani amekubali. Kwa Wachina wengi, kunyamaza mbele ya wakubwa kulimaanisha kutafakari, au hata kupinga kwa adabu. Kikao kiliisha kila upande ukiwa na maafikiano yake. Aliyelazimika kufikiri kwa Kichina na kusema kwa Kiingereza alikuta mada imekwisha kupita.

Hata uitanaji ulihitaji sera. Tangu mwishoni mwa miaka ya 1990, Yang aliwataka wafanyakazi waache kumwita kwa ukoo na cheo, kama ilivyo desturi katika ofisi za China, wamwite Yuanqing, jina lake mwenyewe. Msomaji wa Kiswahili hahitaji maelezo marefu kuhusu uzito wa jambo hilo. Katika ofisi zetu pia, anayemwita mkurugenzi kwa jina lake tupu huonekana amekosa heshima, na maneno kama *mheshimiwa* na *mzee* huamua nani ataanza kusema na nani atasubiri. Yang alitambua kwamba umbali uliomo katika neno la kuitana huwa ni umbali katika kutoa taarifa pia.

5.0 Kurudi nyumbani ili kwenda mbali

Miaka ya kwanza haikuwa rahisi. Desemba 2005 William Amelio, aliyetoka kampuni shindani ya Dell, alichukua nafasi ya Ward. Mwaka 2006 wanasiasa wa Marekani walipinga kompyuta za Lenovo zipatazo 16,000 zilizonunuliwa na Wizara ya Mambo ya Nje ya nchi hiyo, na wizara ikaahidi kutozitumia katika mawasiliano ya siri. Lenovo ilidhamini Michezo ya Olimpiki ya Torino mwaka 2006 na ya Beijing mwaka 2008 ili jina lake jipya lijulikane. Kisha msukosuko wa fedha wa dunia ulipopunguza ununuzi wa makampuni makubwa, mwaka wa hesabu ulioishia Machi 2009 ulileta hasara ya dola milioni 226, na wafanyakazi wapatao 2,500 wakapunguzwa.

Februari 2009 Liu alirejea kuwa mwenyekiti na Yang akawa mtendaji mkuu. Wengine walitabiri kwamba Kichina kitarudi kuwa lugha ya kikao na wageni wataondoka. Haikuwa hivyo. Kiingereza kilibaki. Kilichobadilika ni mpangilio wa meza: iliundwa kamati ndogo ya utendaji yenye Wachina na wageni kwa takribani usawa, ikikutana kwa zamu katika nchi mbalimbali, na kujadiliana hadi wote waafikiane kabla ya uamuzi kutangazwa. Mkakati wa biashara ulisemwa kwa maneno mawili: kulinda na kushambulia. Ilinda soko la China na wateja wakubwa waliorithiwa kutoka IBM. Ikashambulia masoko yanayochipukia na wanunuzi wa nyumbani.

Katika ununuzi uliofuata, kampuni ilitumia tena funzo la majina. Mwaka 2011 iliungana na NEC ya Japani katika kampuni ya ubia ambamo ilikuwa na hisa nyingi zaidi, na ikanunua Medion ya Ujerumani. Majina hayo hayakufutwa. Mjapani aliendelea kununua NEC na Mjerumani Medion. Katikati ya mwaka 2013 Lenovo ikawa muuzaji wa kwanza wa kompyuta binafsi duniani. Mwaka 2014 ilinunua biashara ya seva ndogo ya IBM na kampuni ya simu ya Motorola Mobility kutoka Google. Ununuzi huo wa simu haukuleta ushindi kama ule wa kompyuta, na hilo linatukumbusha kwamba mkakati mzuri katika bidhaa moja hauhamishiki wenyewe hadi nyingine.

6.0 Funzo kwa sera ya Kiswahili

Tofauti ya kwanza kati ya historia hii na yetu iko katika maandishi. Kiswahili kiliandikwa kwa hati za Kiarabu kwa karne nyingi. Usanifishaji wa wakati wa ukoloni, uliosimamiwa kuanzia 1930 na Kamati ya Lugha ya nchi za Afrika Mashariki, ulijengwa juu ya herufi za Kilatini. Matokeo yake, kompyuta ilipofika ilikuta herufi zote za Kiswahili sanifu zipo kwenye kibodi ya Kiingereza, hata alama ya *ng'* ya ng'ombe. Mtu aliweza kuandika barua ya Kiswahili siku ya kwanza bila kadi, bila mhandisi na bila kiwango cha taifa. Urahisi huo ni neema, lakini naona ulikuwa na upande wa pili: Kiswahili kiliipokea kompyuta bila kuidai chochote. Pasipo tatizo lililomzuia mnunuzi, hapakuwa na bidhaa ya kuuza, na kazi ya lugha ikabaki kuwa ya kutafsiri menyu na kuunda istilahi.

Kazi hiyo ni ya lazima, na Jambo OpenOffice ilionyesha kwamba inawezekana. Lakini programu iliyotafsiriwa kwa ajili ya mtu anayeweza kutumia ya Kiingereza hushindana na mazoea yake. Kadi ya Ni Guangnan haikushindana na mazoea, kwani bila hiyo mashine haikufaa kitu. Swali kwa watunga sera, basi, ni hili: ni wapi leo ambapo mashine isiyojua Kiswahili haimfai Mswahili kitu? Naona mahali pawili. Pa kwanza ni sauti: mkulima au mgonjwa asiyesoma anahitaji mashine inayosikia Kiswahili chake, pamoja na lafudhi na lahaja zake, kuanzia Kiunguja hadi Kingwana cha mashariki ya Kongo. Pa pili ni mofolojia: kitenzi kimoja cha Kiswahili hubeba nafsi, njeo, mtendwa na kauli, na kifaa cha kusahihisha tahajia au kutafuta maneno kilichoundwa kwa Kiingereza hushindwa kuona shina ndani yake. Hayo ni matatizo ya kweli ya uhandisi, na wanaoyajua kwa undani ni wanaisimu wetu.

Tofauti ya pili iko katika fedha. Taasisi ya Beijing ilitoa mtaji, na ofisi za umma zilikuwa miongoni mwa wanunuzi wa kadi. Serikali zetu hununua kompyuta na mifumo kila mwaka. Zikiweka katika masharti ya zabuni kwamba mfumo unaohudumia wananchi uweze kupokea na kutoa Kiswahili kwa kiwango kilichoelezwa bayana, zitakuwa zimeunda soko. Zisipofanya hivyo, hakuna azimio litakalofanya kazi hiyo kwa niaba yao.

Tofauti ya tatu iko mezani. Mkataba wa Jumuiya ya Afrika Mashariki wa mwaka 1999 uliitaja lugha rasmi ya Jumuiya kuwa Kiingereza, na Kiswahili kikaahidiwa kuendelezwa kuwa lugha ya mawasiliano mapana. Tangu hapo zimejiunga Burundi na Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, nchi ambazo Kifaransa ndicho kilichotawala elimu ya maofisa wao. Mwaka 2022 Umoja wa Afrika ulikikubali Kiswahili kuwa lugha yake ya kazi. Haya ni mafanikio, lakini historia ya Lenovo inatuonya kwamba kuteua lugha ya kikao ni mwanzo wa gharama. Kampuni ilipoteua Kiingereza ililipia mafunzo, ikabadili uitanaji, ikabadili mpangilio wa meza, na bado ilichukua miaka kadhaa kabla ukimya haujaeleweka. Tukiteua Kiswahili bila kuajiri wakalimani, bila kufunza maofisa na bila kuandaa nyaraka kwa wakati, tutakuwa tumewahamisha wanaonyamaza kutoka kiti kimoja hadi kingine: jana ofisa wa Bujumbura alinyamaza mbele ya Kiingereza, kesho mwenzake wa Kampala atanyamaza mbele ya Kiswahili, na kila mara kimya hicho kitaandikwa katika kumbukumbu kuwa ni ridhaa.

7.0 Hitimisho

Historia ya Lenovo haimpi ushindi kamili mtetezi wa lugha ya nyumbani wala mtetezi wa lugha ya kigeni. Kampuni ilipata uhai kwa kuhudumia Kichina, na ikavuka mipaka kwa kukubali Kiingereza. Iliweza kufanya yote mawili kwa sababu haikuziacha dhima za lugha zijipange zenyewe. Iliamua ipi itatumika wapi, ikalipia uamuzi huo, na ikausahihisha ulipoumiza.

Makala haya yanapendekeza kwamba kila tamko la sera ya Kiswahili katika teknolojia liambatane na mambo matatu: tatizo mahususi la mtumiaji litakalotatuliwa, fungu la bajeti litakalolipia, na ofisi itakayoulizwa matokeo. Vyuo vikuu vya kanda vina wanaisimu wenye uwezo wa kuanza kazi hiyo. Mwaka 1984 wanasayansi 11 wa Beijing hawakuwa na zaidi ya hapo, ila taasisi yao ilikubali kuwapa mtaji na chumba.